Uongo wa Tangi la Pili

"Sampuli zako ni chafu, binti yangu. Kubali yaishe," Profesa alisema, akanirudishia karatasi zangu.

"Si chafu, Profesa. Nimeziandaa kwa mikono yangu."

"Basi nieleze. Pweza kumi na wawili, aina moja, chakula kimoja, maji yale yale. Sita wako sawa. Sita wengine, nakala za jeni kwenye ubongo zimebadilishwa herufi sehemu maelfu. Kwa nini?"

Miaka minne nilikuwa nasoma jeni za pweza, mnyama ambaye akili yake imesambaa mpaka kwenye minyiri, ile mikono yake minane. Jeni zenyewe hazibadiliki hovyo, ila pweza akitoa nakala ya kupeleka kazini mwilini, anaweza kuirekebisha njiani. Mimi nilitaka kujua anafanya hivyo wakati gani. Jopo la kutahini utafiti wangu lilikuwa linakaa Ijumaa, na likiamua sampuli ni chafu, miaka yangu minne imekwenda na maji.

Nikashuka chumba cha matangi nikiwa nimefura. Mchumba wangu, ambaye jengo zima linamwita Fundi Maji, alikuwa anamlisha pweza kaa.

"Daktari wangu, mbona umekunja ndita?"

"Bado sijawa daktari."

"Mimi nazoea mapema."

Sikucheka. Nilifungua daftari la joto. Tangi la kwanza namba zilikuwa zinapanda na kushuka kidogo kidogo, kama maji yoyote. Tangi la pili: ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili, siku kumi na mbili mfululizo.

"Maji gani haya yasiyosogea hata nukta?"

Akainamia ndoo ya kaa. Huyu mwanamume ana maneno ya kugawia watu na yakabaki, kwa hiyo akikwepa swali jua kuna jambo.

"Hita ilikufa," alisema. "Muuza spea akanizungusha siku kumi na mbili. Maji yakashuka mpaka nyuzi kumi na tatu."

"Na wewe ukaandika ishirini na mbili."

"Nilishajisifu kwa kila mtu kwamba matangi yangu hayana shida. Na pweza walikuwa wanakula vizuri. Nikaona nisikutie presha."

Nilishika ukingo wa tangi. Wale sita wenye nakala zilizobadilika wote walitoka tangi la pili. Sampuli hazikuwa chafu hata kidogo. Pweza walipigwa na baridi, wakazirekebisha nakala zao ili ubongo uendelee kufanya kazi.

Nilipomweleza, macho yakamtoka.

"Basi sema ulipanga wewe," alisema harakaharaka. "Sema ulishusha joto makusudi. Utaonekana hodari, na mimi kazi yangu inabaki."

"Tuwe waongo wawili?"

"Nakuokoa, mpenzi."

"Unajiokoa mwenyewe. Siwezi kuolewa na mtu anayeandika namba asiyoisoma."

Nikiwa kwenye ngazi nilimpigia mama.

"Mama, harusi hakuna."

"Afadhali. Mwanangu msomi na mlisha pweza, wapi na wapi?"

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nililia mpaka kola ikalowa, tena nililia chooni, maana kulia ofisini sina tabia hiyo.

Ijumaa nikasimama mbele ya jopo la watu watano. Kabla ya chochote nikasema, "Rekodi za joto za tangi la pili si za kweli. Naamini baridi ndiyo iliyobadilisha nakala."

"Una ushahidi?" Profesa aliuliza.

"Sina."

"Rekodi aliandika nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguka. Fundi Maji akaingia na mabuti yake ya mpira, yanadondosha maji kwenye zulia la wakubwa.

"Niliandika mimi. Uongo ni wangu, yeye hakujua. Namba za kweli hizi hapa."

Akaweka simu mezani. Kila asubuhi alikuwa anapiga picha kipimajoto cha tangi na kumtumia muuza spea ili kumharakisha.

*Bosi, leo 16. Pweza wa watu watanifia.*

*Bosi, leo 13. Una roho gani wewe?*

Siku zote kumi na mbili, na tarehe na saa. Mjumbe mmoja alicheka. Profesa hakucheka.

"Unajua hili linaweza kukugharimu kazi?"

"Najua. Lakini mmemwita mchafu wa kazi, na yeye siye. Hilo naomba lifutwe."

Alisimama wima, mikono nyuma. Niseme ukweli wangu: nilikuwa bado nimemkasirikia, na sijawahi kumwonea mtu fahari kama siku ile.

Jopo likaamua jaribio lirudiwe, safari hii baridi iwe ya makusudi na joto lisomwe na watu wawili. Fundi Maji akahamishiwa stoo kuosha vyombo. Majibu yalipotoka, Profesa aliniita kwenye kompyuta yake, miwani mkononi.

"Sehemu maelfu, tena zile zile," alisema. "Nilikosea, binti yangu. Hongera, Daktari."

Niliandika ripoti bila kuficha kitu, nikaipeleka stoo. Fundi Maji aliisoma taratibu.

"Umeniumbua dunia nzima."

"Nimeandika kilichotokea. Kwamba ulificha, na kwamba ulikuja mwenyewe kusema."

"Usinirudie kwa huruma."

"Huruma nitawapa pweza. Wewe nakutaka uwe mume wangu."

Nikampigia mama palepale, nikaweka spika ili naye asikie.

"Mama, harusi ipo. Waambie wajomba."

"Na nani tena?"

"Na mlisha pweza. Amesimama mbele ya wasomi watano akasema uongo ni wake, huku anajua kazi inaondoka. Wanaume wangapi unawajua wanaoweza hivyo?"

Fundi Maji alijifuta mikono kwenye aproni, akaisogelea simu.

"Shikamoo, mama."

Upande wa pili nilisikia mama akivuta kiti.

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. "Jumapili uje nyumbani, ule."