Mke Wangu Anapiga Simu

Asubuhi hiyo ukumbi wa chini wa chuo cha biashara ulifurika watu. Lifti zilikuwa mbili: moja imezungushiwa utepe mwekundu, nyingine ina foleni mpaka mlango wa nje. Katikati ya msukumano alisimama kijana mrefu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, shati jeupe limenyooka kwa pasi, tai imeenda upande, sanduku la vielelezo kwapani. Alikuwa akiongea na dada yake kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba katika nchi hiyo ya ugenini hakuna anayejua Kiswahili ila yeye.

"Dada, nimekwisha! Natakiwa ghorofa ya tisa baada ya nusu saa na lifti mbovu. Na fundi waliyemleta, ungemwona! Kasichana kembamba kama njiti ya kiberiti. Leo tutalala hapa."

"Njiti hiyohiyo ndiyo inayounguza nyumba, kaka," ilijibu sauti kutoka ndani ya lifti iliyokufa.

Mwanafunzi aliganda.

"Nani huyo?" dada yake aliuliza.

"Nitakupigia baadaye."

Utepe uliinuliwa. Akatokea msichana wa ovaroli la bluu, kitambaa cha manjano kichwani, bisibisi mkononi, doa la grisi shavuni. Mdomo ulikuwa umenuna, lakini macho yalimsaliti, yalikuwa yanacheka.

"Samahani, dada'ngu. Sikujua kama..."

"Kama nina masikio?"

"Kama unajua Kiswahili. Huu mwezi wa nane sijaongea Kiswahili na mtu ninayemwona kwa macho."

Fundi alilegea. Yeye alikuwa na miaka mitatu katika mji ule, na njaa hiyo aliijua.

"Haya, ingia. Nimemaliza, sasa naijaribu. Sandukuni mna nini?"

"Mpango wa biashara. Dobi wa wanafunzi: tunazifuata nguo chumbani, tunazirudisha safi. Muhula uliopita nilianguka. Nikianguka tena leo, ufadhili umekatika, narudi nyumbani mikono mitupu."

"Nieleze mimi, kama ndiye mwalimu."

Walipanda mpaka juu, wakashuka, wakapanda tena. Mwanafunzi alimwaga asilimia mpaka fundi akapiga mwayo.

"Hao wanafunzi uliwauliza kwa nini hawafui?"

"Niliwauliza. Wengi wanaona haya kupanga foleni na nguo chafu."

"Sasa si ungeanza na hiyo! Hizo asilimia waachie wasome wenyewe."

Kisha, bila kuomba ruhusa, alinyoosha mkono akamwekea tai sawa kwa ncha za vidole. "Usitikisike. Nina grisi."

Hakutikisika. Hata kupumua alisahau.

Mbele ya walimu watatu alianza na ile haya. Mwalimu wa miwani, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka na kukiri kwamba ujanani alikuwa akificha soksi chafu kwenye mkoba wa vitabu. Kufika saa sita na nusu, matokeo yalitoka: amepita.

Alishuka ngazi mbilimbili, akamkuta fundi anafunga mkoba wa vifaa.

"Nimepita!"

"Hongera! Mwalimu wako ni nani?"

"Mrembo mmoja wa ovaroli. Twende nikakununulie chai."

"Chai tu? Na mandazi je?"

Kantini walipata meza ya dirishani. Mwanafunzi akaenda kupanga foleni, simu akaiacha mezani. Haikupita dakika, ikaita. Fundi hakutaka kuchungulia, lakini maandishi yalikuwa makubwa: MKE WANGU.

Chai ilipofika, kiti kilikuwa kitupu.

Mwanafunzi aliitazama simu, akaona jina la aliyepiga, akaelewa. Mke Wangu alikuwa bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu akinyonya kidole na kumwita mume wangu mbele ya watu wote. Alimpigia, akamweleza.

"Ehe! Na wewe umekaa unanipigia mimi?" bibi alifoka. "Mfuate, mume wangu! Chai itapoa, na yeye je?"

Alikimbia mpaka kwenye lifti, akapiga namba ya kampuni iliyobandikwa ukutani.

"Umekwama?" aliuliza mama wa mapokezi.

"Hapana. Nimempoteza fundi."

Mama yule alicheka. "Yuko maktaba ya mtaa wa pili. Ila jihadhari, leo ana hasira."

Alimkuta amepiga magoti mbele ya lifti, anafungua skrubu kana kwamba zimemkosea.

"Nenda kwa mkeo," alisema bila kugeuka.

"Mke wangu ana miaka sabini na minane."

"Usinichezee."

"Hana meno ya mbele, na anataka kukuona." Akampigia bibi kwa video, akampa fundi simu. Kwenye kioo palijaa uso wa makunyanzi na tabasamu la ufizi.

"Ndiye wewe, mke mwenzangu?" bibi aliuliza. "Nakuonya mapema: huyu mume wetu anakoroma, na akiugua mafua kidogo anaandika wosia."

Fundi alitazama simu, akamtazama kijana, akatazama simu. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka msomaji mmoja akaweka kidole midomoni: shhh!

"Bibi, sijakubali kitu mimi."

"Mimi nimeshakubali. Wewe panga siku tu."

"Jumapili sina kazi," fundi alisema polepole, macho yakiwa kwa kijana, si kwenye simu.

Wakaketi bega kwa bega kwenye ngazi za maktaba, simu katikati, bibi akitaja masharti moja baada ya jingine: mume asinyimwe uji, asifokewe mbele za watu, vitukuu wasipungue watatu. Alipofika sharti la nne, simu ikazimika, chaji imekwisha.

Hakuna aliyeinuka kutafuta chaja.