Mchezaji Asiye na Viatu

Ereng alikuwa ameshafunga ngazi juu ya pikapu, tayari kurudi Lodwar, simu ya bosi ilipoita. Jua la Kakuma lilikuwa limeanza kulegea na vumbi lilikuwa limetulia barabarani.

"Imebaki nyumba moja," bosi alisema. "Ng'ambo ya laga, mteja anaitwa Déo. Mashine yake ya gemu inapoteza mtandao kila jioni saa moja. Wiki hii amenipigia mara sita."

"Mara sita kwa sababu ya gemu?"

"Nenda tu umwangalie. Anaongea kama mtu aliyefiwa."

Ereng akavuka mchanga wa laga ya Tarach, mto uliokauka, kwa gia ya chini, akinung'unika. Alikuwa Mturkana wa Lorugum, na alikuwa amefunga mitandao ya watu kwa miaka minane. Kitu ambacho hangeweza kukipima hakikumshughulisha.

Déo alimpokea mlangoni. Alikuwa Mkongomani wa miaka arobaini hivi, mkalimani wa mashirika katika kambi ya wakimbizi, mtu nadhifu wa shati lililopigwa pasi. Ila alisimama vibaya. Mgongo wake uliinama mbele, kama wa mtu anayepanda mlima.

"Ejok," alisalimia.

"Ejok. Mashine iko wapi?"

Ilikuwa sebuleni, chini ya televisheni kubwa. Mkewe Jeanine, Mrundi mwembamba asiye na maneno mengi, alikuwa uani akipika. Hawakuwa na mtoto.

"Siye tuko ndugu wanne," Déo alieleza, huku akizungusha pedi ya gemu mikononi. "Mimi niko hapa. Dieudonné, mdogo wetu, iko Kanada. Mapacha wako Ubelgiji. Miaka kumi na mbili hatujaonana kwa macho, fundi. Lakini kila siku saa moja tunacheza mpira kwa hii mashine. Tunaongea, tunachekana. Njo familia yetu, hakuna ingine."

"Na shida?"

"Inakatika. Halafu inarudi." Déo alitazama mlango kabla ya kumalizia. "Ikirudi, tunakuwa watano."

Ereng hakumtilia maanani. Wateja husema mengi. Alipanda juu ya bati akakagua antena, ilikuwa imenyooka. Akapima kasi, ilikuwa nzuri kuliko ya ofisini kwao. Akazima rauta, akahesabu nusu dakika, akaiwasha. Mashine ilikuwa ikitumia waifai, kwa hiyo akaichomeka kwa kebo mpya ili isisumbuliwe na kitu chochote hewani.

Saa moja kasoro dakika tano, ndugu wakaingia mmoja mmoja. Sauti zao zilisikika kwenye spika ya televisheni. Dieudonné alikuwa na kicheko cha karibu, utadhani ameketi palepale kwenye kochi. Mpira ukaanza. Kila kitu kilikwenda sawa, na Ereng akaanza kukusanya vifaa vyake.

Saa moja kamili, picha ikaganda.

Mpira ukaning'inia hewani. Sauti zikakatika. Ereng akainama kutazama rauta. Taa zote zilikuwa kijani. Kebo ilikuwa imeshika. Hakukuwa na sababu yoyote ya kukatika.

Kisha akasikia harufu. Majani yaliyooza... udongo uliolowa... na chini yake, kidonda kibichi. Kakuma haikuwa imeona mvua kwa miezi minne.

Picha ikarudi.

Pembeni ya uwanja alisimama mchezaji mwingine. Hakuwa na jina juu ya kichwa kama wenzake. Alikuwa mdogo, nusu ya kimo cha wengine. Hakukimbia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hadi gotini.

Hakuwa na viatu.

Hakuna ndugu aliyeuliza huyo ni nani.

"Déo," Dieudonné alinong'ona kutoka Kanada. "Mutoe."

Ereng aliokota hedifoni zilizokuwa mezani, akazichomeka kwenye pedi, akazivaa, akidhani atasikia mwangwi au mlio wa mtandao mbovu. Alisikia mtoto. Mtoto alikuwa akihesabu, polepole, kwa sauti ya mtu aliyekaukiwa na koo.

"...tisini na saba... tisini na nane... tisini na tisa... mia."

Pumzi.

"Moja... mbili... tatu..."

Ereng alivua hedifoni. Alifanya alichozoea kufanya, akafungua kompyuta yake na kutazama orodha ya vifaa vilivyoshika kwenye rauta ya nyumba. Mashine ya gemu. Simu ya Déo. Simu ya Jeanine. Kompyuta yake mwenyewe.

Na kimoja kisicho na jina.

"Bwana Déo," alisema taratibu. "Huyu mtu hatoki Ulaya. Hatoki nje kabisa. Ameshika waifai yako. Yuko ndani ya nyumba hii."

Déo aliendelea kumtazama mtoto kwenye televisheni.

"Paswadi yako umempa nani?"

"Hakuna mutu."

"Ni ipi?"

Déo hakutaka kuitamka. Alichukua kalamu ya Ereng akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe, akakionyesha haraka, akakifuta kwa mate. Lilikuwa jina la mtu: Lionel.

Ereng alikuwa na programu ya simu ya kutafutia vifaa vilivyofichwa. Unatembea nayo, na kadiri unavyokikaribia kifaa, ndivyo mlio unavyoharakisha. Akatembea nayo sebuleni. Kwenye dirisha ililia taratibu. Chumbani ikafifia. Akarudi, akapita nyuma ya kiti cha Déo, na mlio ukawa mmoja mrefu usiokatika.

Akaisogeza kushoto, ukapungua. Akairudisha.

Ulikuwa ukitoka mgongoni kwa Déo, katikati ya mabega.

Ereng alitoka uani bila kuaga. Jeanine alikuwa amechutama kwenye jiko la makaa. Hakugeuka.

"Umemwona," alisema.

"Mama, huyo ni nani?"

"Walikuwa watano." Alikoroga sufuria. "Walikimbia vita huko kwao Fizi, kwa miguu, msituni. Lionel alikuwa na miaka tisa. Alichomwa na mti kwenye mguu, ukaoza. Déo alimbeba mgongoni siku tatu. Siku ya nne akamweka chini ya mti, akamwambia ahesabu mpaka mia, akimaliza atakuwa amerudi na maji."

"Hakurudi."

"Mtoto alikuwa analia kwa sauti, na wenye bunduki walikuwa karibu. Pengine wewe pia ungemwacha, mimi sijui." Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Lakini kwanza walimvua viatu, wakamvalisha Dieudonné, kwa sababu vya Dieudonné vilikuwa vimepasuka. Wakamwambia Lionel hatavihitaji, atakaa tu. Hilo Déo aliniambia siku moja amelewa. Alikuwa anacheka."

Kutoka ndani, Déo aliita. "Fundi. Unaweza kumufungia asiingie tena?"

Jeanine akamshika Ereng mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kutokana na jiko. "Usimfungie, mdogo wangu. Humo anasimama tu pembeni. Hajamgusa mtu. Ukimfungia huko, atatafuta pa kuingilia pengine."

Ereng alimtazama, kisha akatazama giza lililokuwa likiingia. Alifikiria saa mbili za barabara. Alifikiria bosi. Akarudi ndani.

Kufungia kifaa ni kazi ya mara moja. Unakichagua kwenye orodha, unabonyeza, basi. Kidole chake kilipokuwa juu ya kitufe, kuhesabu kulikuwa kunasikika kutoka kwenye hedifoni zilizolala mezani, kwa mbali kama mbu. Kukakoma.

"Kaka fundi," sauti ilisema. "Mimi nacheza tu."

Ereng alibonyeza.

Mtoto akatoweka uwanjani. Harufu ikaisha. Ereng akachomoa hedifoni, sauti zikarudi kwenye spika. Pacha mmoja akacheka, na mwenzake akacheka, na Dieudonné akauliza nani alikuwa na mpira. Déo alifunga bao dakika ileile. Alisimama kwa furaha, na Ereng akaona kwamba mgongo wake umenyooka.

Ndipo mlango wa bati wa mbele ukagongwa.

Mara moja. Chini kabisa, karibu na ardhi, mahali panapofikiwa na mkono wa aliyelala.

Ndugu walikuwa wanacheka. Déo aliongeza sauti ya televisheni.

Ereng alingoja kadiri alivyoweza, halafu akaufungua kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufikia pikapu. Hapakuwa na mtu nje. Aliendesha hadi Lodwar bila kuzima taa ya ndani ya gari.

Wiki tatu baadaye, alasiri, Jeanine aliingia ofisini Lodwar. Alikuwa na begi la safari na amefunga kitambaa kizuri kichwani. Aliketi mbele ya Ereng kama mteja yeyote.

"Nimekuja kukata laini ya nyumbani. Mkataba uko kwa jina langu."

"Kuna shida tena?"

"Miguu ya Déo imekufa. Aliamka asubuhi moja haisimami. Madaktari wamempima kila kitu, hawaoni ugonjwa. Anajiburuta kwa viwiko sakafuni." Alisema hivyo kwa utulivu, akitazama kalenda ukutani. "Alipowaandikia ndugu zake, Dieudonné aliuliza kama mguu wa kushoto umevimba. Déo akasema ndiyo. Siku hiyohiyo wamemfungia, wote watatu. Kwa simu, kwa gemu, kila mahali. Anakaa mbele ya televisheni anawaita, hawamjibu."

Ereng alifungua akaunti ya nyumba ile kwenye kompyuta. Mashine ya gemu ilikuwa imewaka. Simu ya Déo ilikuwepo. Na chini yake, kile kifaa kisicho na jina. Alama ya kufungiwa ilikuwa bado juu yake, nyekundu, kama alivyoiweka yeye mwenyewe.

Kilikuwa kimeshika. Kilikuwa kimeshika tangu usiku ule.

"Mama," alisema. "Unasafiri?"

"Kitale, halafu Kampala. Nina dada huko."

"Na mzee? Nani amebaki naye?"

Jeanine alisimama, akalitia begi begani.

"Ndugu yake," alisema.

Alingoja mpaka Ereng alipokata laini, akaomba aonyeshwe kwenye kioo kwamba kweli imekatika, akashukuru, akaondoka kwenda stendi.

Ereng angeweza kupiga simu Kakuma. Alijua mafundi wawili huko, alijua mchungaji mmoja, alijua hata jirani wa Déo, mama muuza makaa aliyeitwa Adhar. Alijiambia kwamba atapiga akimaliza kazi iliyokuwa mbele yake. Kazi ikazaa nyingine.

Saa moja jioni simu yake iliita. Ilikuwa namba ya Déo.

"Fundi." Sauti ilikuwa chini sana, kama ya mtu aliyeweka mdomo sakafuni. "Fundi, rudisha mtandao. Tafadhali. Alikuwa anatazama mpira, alikuwa ametulia. Sasa mpira umekatika, na yeye..."

"Na yeye nini?"

"Amekuja karibu. Anasema anataka kwenda nyumbani." Déo alikuwa analia. "Fundi, siwezi kusimama, na anataka nimubebe."

Kulikuwa na mkwaruzo, kitu kizito kikivutwa. Ereng alisikia pumzi mbili. Ya Déo ilikuwa ya haraka na ya kukatika. Ile nyingine ilikuwa ndogo, iliyotulia, karibu kabisa na simu, pumzi ya mtoto aliyelaza kichwa begani mwa mtu.

Simu ikakatika. Ereng alirudisha laini usiku uleule, bila ruhusa ya bosi. Mashine ya gemu haikushika. Hakuna kifaa chochote kilichoshika.

Adhar ndiye aliyekuta nyumba wazi alfajiri, alipokwenda kuuza makaa. Alimweleza Ereng kwa simu, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Déo hayuko. Kiti iko, simu iko, yeye hayuko. Kutoka mlangoni kulikuwa na mfuo mmoja mchangani, wa mtu aliyejiburuta kwa viwiko, ukateremka hadi laga, ukavuka, ukaenda upande wa machweo, iliko Kongo. Vijana waliufuata nusu siku, hadi penye mawe, wakaupoteza.

"Ni mtu moja tu alipita," Adhar alisema. "Hakuna alama ingine. Lakini, fundi, ile viwiko imezama sana. Imezama hivi..." Labda alikuwa akipima kwa mkono wake mahali ambapo Ereng hangeweza kuona. "Déo ni mtu mwembamba. Ile ni viwiko ya mtu amebeba mzigo."