Rangi ya Kwanza ya Mvukuto

Rangi ile ilikuwa na umri wa kupita miaka mia, lakini ilinuka kama imepakwa asubuhi hiyo hiyo. Harlan Kessler aliinama akanusa tena. Mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, mabichi kabisa. Ndiyo kwanza alikuwa amekibandua kibati chenye jina la kiwanda ubavuni mwa mvukuto, maana mafundi wanaofufua vyombo vya kale vya wahunzi hutafuta hapo rangi ya asili, mahali ambapo jua na mikono ya watu havikufika. Chini ya kibati palikuwa na kijani cha kupendeza. Alipokigusa, kikamganda kidoleni.

"Verna! Njoo uone maajabu!"

Mkewe akaja na kikombe cha kahawa, theluji tele viatuni. "Kila siku unaniitia kutu. Leo kutu gani?"

"Si kutu, mama. Rangi. Bado mbichi."

"Basi mpishe fundi wake amalize kupaka," alisema Verna, akacheka peke yake na kurudi jikoni.

Mvukuto wenyewe ulikuwa wa chuma, wa kuzungusha kwa mkono, wenye miguu mitatu na bomba la kupeleka hewa tanurini. Harlan aliutoa kwenye karakana ya mhunzi iliyofungwa huko juu bondeni, Pennsylvania, ukiwa umevimba kwa rangi: nyeusi juu ya kijivu, kijivu juu ya nyekundu ya kupakia maghala, utadhani wenyewe hawakuwa na kazi nyingine ila kupaka. Naye, kama wenzake wote, alikuwa na ugonjwa wa rangi ya asili. Watu hawa ukiwaletea chombo cha kale kilichopakwa upya watakutazama kama umewatukania wazazi. Basi akaukwarua wote, taratibu, kwa kisu na dawa, mpaka kijani kikatoka na mistari yake ya manjano, akakisugua kwa kitambaa huku anapiga mluzi.

Alipoujaribu kando ya tanuri la makaa baridi katika karakana yake mwenyewe, mkono wake wa chuma ulizunguka laini, ila majivu aliyoyaweka mbele ya bomba hayakuruka. Yaliingia ndani. Akafungua gia, akakagua, akakuta kila kitu kiko mahali pake. Akazungusha tena, na mvukuto ukavuta tena.

Kesho yake mchana walikuwa mezani wakinywa supu ya kuku na mahindi. Verna alikuwa anamsengenya dada yake kwa raha zake, akafika katikati ya maneno akanyamaza. Mdomo ulikuwa wazi, mkono umeshika kifua. Hapo Harlan akasikia, kutoka uani, kwenye karakana yake aliyoifunga kwa kufuli, gia zikizunguka polepole.

Alikimbia bila koti, akafungua kufuli, akaukuta mkono wa mvukuto ukizunguka wenyewe, bila haraka, kama wa mtu aliyezoea kazi, na asijue afanye nini akaudaka kwa mikono miwili, akauzuia, akaulazimisha kurudi kinyume, mzunguko mmoja, wa pili, hewa ikatoka bombani, na kule jikoni akamsikia Verna akikohoa na kuvuta pumzi.

Alipoachia, ukaanza tena. Akaelewa: mvukuto ulikuwa unavuta pumzi ya mkewe.

Alijaribu yote ambayo mimi na wewe tungejaribu. Jirani alimshikia mkono wa mvukuto, akiuzungusha kinyume, naye akampakia Verna garini kwenda hospitali, lakini walipofika darajani midomo ya mwanamke ilishakuwa ya bluu. Kadiri walivyokwenda mbali ndivyo alivyozidi kukaukiwa pumzi, ikabidi wageuze. Akachukua nyundo kubwa akaupiga mvukuto pigo moja, na Verna akalia huku ameshika mbavu. Nyundo ikamdondoka.

Jirani huyo alikuwa Bi Lovina Hoch, mama mwenye kuombea wagonjwa kwa maneno ya kale na uzi mwekundu, kama walivyofanya bibi zake. Sasa alipokitazama vizuri kile kijani, alijivuta nyuma bila kuachia mkono wa mvukuto.

"Harlan, nani alikutuma uitoe rangi?"

"Ndiyo kazi yangu, Bi Lovina. Zilikuwa takataka za juu juu."

"Takataka!" Bi Lovina alinong'ona. "Mjomba wangu ndiye alikuwa mhunzi wa kule ulikoutoa. Kila vuli, kabla ya baridi, aliupaka, wala hakukwarua ya zamani. Watoto tulimcheka. Alisema tu kwamba aliyekuwa nao kabla yake alimwambia asiache."

"Nimefanya nini mimi?" Harlan alisema. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

"Paka. Paka sasa hivi."

Bi Lovina akazungusha, Harlan akapaka nyeusi, nzito. Chuma kikainywa. Alipaka tena, na tena, kopo likaisha, na kila safari ile nyeusi ilizama ndani kama maji kwenye mchanga, kijani kikabaki juu, kinang'aa. Bi Lovina akamwachia Harlan mkono wa mvukuto, akaanza maombi, akafunga uzi kwenye mguu wa mvukuto. Hakufika katikati. Sauti ilimkatika, macho yakamtoka pima, akashika koo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Kimenisikia. Na mimi nina wajukuu." Akatoka bila kuchukua skafu yake.

Basi Harlan akabaki anazungusha. Alizungusha mpaka bega likafa ganzi, akabadili mkono, akawa analia kimya kimya, kwa sababu alijua mwili wake utachoka na kile kitu hakichoki. Verna akaja akiburuta kiti.

"Sogea, mzee wangu."

"Sisogei. Nikiachia utakufa."

"Nani kasema uachie? Nipe mimi. Ni pumzi yangu, nitaigeuza mwenyewe. Funga macho kidogo tu."

Hakutaka, lakini macho yalijifunga yenyewe.

Aliamka mwanga umejaa dirishani. Mvukuto ulikuwa unazunguka, upande ule ule alioupigania, na Verna amekaa kitini, mikono mapajani, hajaugusa. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri. Harlan alitaka kucheka.

"Verna! Kimetuachia! Tazama, kinapuliza chenyewe!"

Verna akamgeukia, akafungua mdomo kana kwamba atajibu, na pumzi ikatoka, ndefu, ya moto, ikapeperusha nywele za Harlan pale alipokaa, ikaendelea kutoka, ikaendelea, haikuwa na mwisho, huku macho yake yakimwomba msaada; na nyuma ya kiti chake, ndani ya tanuri ambalo hakuna aliyeliwasha, makaa yakaanza kuwa mekundu kwa kila mzunguko wa mvukuto.