Vyumba Viwili, Siku Saba

— Yasini, vyumba viwili vya nini?

Upande wa pili zilisikika honi za malori tu. Yasini alikuwa kazini Midrand, anapakia mizigo.

— Umejuaje?

Hapo moyo wa Mayasa ukamlipuka paa! Asiye na kosa haanzi na "umejuaje".

— Hoteli wameniandikia mimi. Nakusomea: "Bi Mayasa, vyumba vyenu viwili viko tayari, siku saba kuanzia Jumamosi. Karibuni." Sisi tuko wawili, Yasini. Tunaoana Ijumaa. Chumba cha pili cha nani?

— Nitakueleza nikija.

— Nieleze sasa hivi.

— Nimekatazwa, mpenzi.

Simu ikakatika. Jamani! Amekatazwa na nani?

Mayasa alibaki kaduwaa katikati ya saluni yake ya Jules Street, Malvern, kitana mkononi. Hata hoteli yenyewe ilikuwa imemchanganya tangu mwanzo. Walikubaliana kwenda kula fungate kwenye mji mmoja wa jangwani huko Northern Cape, wenye miamba myekundu mpaka inatisha. Mayasa akachagua hoteli ya ghorofa nne, ina bwawa la kuogelea na vioo vinavyotazama miamba. Yasini akaikataa. Akamtumia ya pili, ikakataliwa. Ya tatu, vilevile. Mwisho bwana akang'ang'ania kijumba cha vyumba vinane, mali ya mama mmoja mjane anayepika mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini, anasema tu, "Niamini."

Murielle, Mkongomani anayesuka naye, masikio yake yalikuwa yameshameza yote.

— Mayasa, ule bwana iko na mwanamke mwengine.

— Ampeleke kwenye fungate yangu?

— Aa, wanaume! Chumba moja yako, chumba moja yake. Wewe hesabu.

Mayasa akahesabu. Yeye si mwari. Aliwahi kuolewa akaachika, na Yasini anajua. Kwao Tanga mwari hupewa siku saba za fungate, aliyekwisha kuolewa siku tatu, basi. Sasa hizo saba za nani? Ina maana Ijumaa kuna mwari mwingine? Anaoa wawili kwa mpigo? Akajiona mjinga kwa kuwaza hivyo, halafu akawaza tena. Akaandika:

"Siku saba ni za mwari. Mpeleke huyo mwari wako. Ijumaa usije na shehe kwangu."

Jibu likaja hapo hapo: "Nakuja. Usimpigie mama yako kumwambia harusi imevunjika!"

Saa nane mchana Yasini akaingia anahema.

— Eish, leo robot zote nyekundu, kila taa ya barabarani imenisimamisha.

— Yuko wapi?

— Nani?

— Mwari wako!

— Mwari ni wewe, Mayasa.

Murielle akaacha kusuka.

— Usinitanie. Nina miaka thelathini na minne, na talaka iko kabatini.

— Si ulinieleza mwenyewe? Uliolewa Jumamosi ghorofani Joubert Park. Mama hakuwepo, shangazi hakuwepo, hakuna aliyekuimbia wala kukufukiza udi. Jumatatu ulikuwa barabarani unasuka watu. Ulinieleza huku unacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nikasema huyu mtu hakuwahi kuwa bibi harusi hata siku moja.

Mayasa hasira alikuwa nayo bado, ila hajui aimwage wapi.

— Na chumba cha pili?

— Cha somo yako, wa kukufunza. Bi Tabia, yule mama wa Tanga anayeuza udi na khanga. Amekubali kukusindikiza. Ndiye aliyenikataza nisiseme mpaka aje kukwambia mwenyewe.

— Na hoteli zangu zilikukosea nini?

— Nilizipigia zote. Nikiuliza tunaweza kufukiza udi chumbani, wanasema kengele ya moto italia. Nikiuliza somo yako anaweza kuingia jikoni, wanacheka. Yule mjane peke yake ndiye aliyeniuliza, "Huo udi unanukiaje?" Akasema tufungue dirisha, tufukize tunavyotaka. Jikoni ataingia na Bi Tabia.

— Watu watanisema, Yasini. Siku saba si haki yangu.

— Watasema. Kama hutaki, nafuta, twende siku tatu kule kwenye bwawa lako. Chagua wewe. Ila Ijumaa nakuja na shehe.

Mayasa akakaa. Akatazama picha ya bwawa, akatazama ya kile kijumba. Alitaka kumkumbatia huyu mwanaume na alitaka kumzaba kibao, vyote kwa wakati mmoja. Mwisho akapiga simu.

— Shikamoo, Bi Tabia.

— Marahaba, mwanangu. Huyo mdaku ameshasema?

— Kasema.

Jina lililofuata hakuwahi kumwita mtu maishani.

— Somo yangu... mimi nimeshaolewa mara moja, lakini sijui chochote. Hakuna aliyenifunza.

— Najua, mwari wangu. Funga saluni uje kwangu ndani. Mpaka Ijumaa hata jua lisikuone.

Mayasa akajifunika khanga usoni, akalia kwa sauti mbele ya wateja wote, wala hakujali. Yasini akasogea amshike bega. Simuni Bi Tabia akang'aka:

— Na huyo mwanaume namsikia anapumua hapo! Atoke! Nani kamruhusu kumtazama mwari?

Yasini akatoka mbio.