Mrija wa Nice

Jumatatu saa nne asubuhi, ukurasa wa duka la asali la Bonifasia ulimjibu mteja aliyeuliza kama asali ya ndoo ipo. Jibu lilikuwa fupi: "Ipo. Njoo na mdomo wazi." Chini yake, kwa maandishi madogo ambayo wateja hawayaoni, lilisomeka jina la aliyeandika. Nice.

Nice alikuwa amezikwa kwao Kasulo wiki tano zilizopita.

Bonifasia alisoma mara mbili. Akamtazama Happy, binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa mezani akichuja asali kwa kitambaa.

"Happy, umejibu mteja sasa hivi?"

"Kwa mikono ipi, mama mdogo?" Happy aliiinua. Asali ilikuwa imemfika kwenye viwiko.

Theonest, aliyepiga picha za duka na kupeleka mizigo kwa pikipiki, alikuwa mlangoni akifunga madumu. Alikuja akaangalia simu. Hakucheka, ingawa kwa kawaida alicheka kila kitu.

Kinga ya ukurasa huo ilikuwa kazi yake. Zamani duka lilikuwa na neno la siri moja, limeandikwa kwa kalamu kwenye mfuniko wa ndoo, na kila aliyepita dukani alilijua. Mwaka jana kibarua wa wiki mbili aliondoka nalo akawatukana wateja siku tatu mfululizo. Theonest akaenda kwenye mafunzo, akarudi, akapanga upya: kila mtu aingie kwa jina lake na simu yake, asimpe mwenzake namba ya uthibitisho hata akiombwa kwa machozi. Wasimamizi wawe wawili, Bonifasia mwenye duka na Nice aliyeufungua ukurasa. Hao ndio wangeweza kumkaribisha mtu au kumwondoa. Happy na Theonest wajibu tu.

Nice alikufa kwa homa. Siku tatu baada ya mazishi, Theonest alimwambia Bonifasia amwondoe kwenye orodha.

"Mguso mmoja tu, mama. Jina la mtu asiyekuwepo halikai kwenye orodha."

"Kwetu hatumtoi mtu kabla ya kuondoa matanga," Bonifasia alijibu. "Nice ni wa Kasulo kama mimi."

Walikuwa wawili tu dukani siku hiyo. Happy alikuwa sokoni.

Theonest, ambaye kwao ni hapo hapo Biharamulo, hakuujua utaratibu huo, na Bonifasia alimweleza. Katika ukoo wao watu hunywa pombe ya ndizi kwenye mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Mtu akifa, mrija wake hauchomolewi. Unabaki mtungini, na wenzake hunywa kando yake, mpaka siku ya kuondoa matanga. Kuuchomoa mapema ni kumfukuza kwenye kikao.

"Sasa huu si mtungi, mama."

"Ni watu wale wale."

Theonest aliacha. Tarehe ya matanga ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya wiki ya sita.

Jumanne duka lilinuka. Si harufu ya asali iliyochacha, ambayo wauza asali wanaijua na wanaivumilia. Ilikuwa harufu ya choo cha shimo wakati wa jua. Walihamisha ndoo zote, wakaosha sakafu kwa sabuni, wakamwaga dawa ya kuua wadudu kwenye mfereji wa nje. Saa tano Happy aliinua simu yake kutoka mezani, akaisogeza puani, akaiweka chini.

"Inatoka humu," alisema.

Mteja mmoja, Venance, alifika na chupa aliyonunua Ijumaa. Aliiweka kaunta na kusogea nyuma hatua mbili.

"Mama Bonifasia, mimi nakula asali yako mwaka wa nne. Nitumie matusi, lakini usinitumie hii picha."

Aliwaonyesha. Ukurasa wa duka ulikuwa umemtumia picha ya video, kijiko kikiinua asali polepole kama Theonest alivyozoea kupiga. Ndani ya asali kulikuwa na funza. Hawakuwa wale watoto wa nyuki ambao mkulima huwatoa na masega. Hawa walikuwa na mikia mirefu, wale wanaoonekana chooni tu, na walikuwa hai. Mwishoni mwa video kijiko kilipanda hadi kwenye mdomo, mdomo ukafunguka, na ndani hamkuwa na meno wala ulimi, mlikuwa na weusi. Jina la aliyetuma: Nice.

"Na nilipofika nyumbani nikafungua chupa," Venance alisema. Hakumaliza. Pale dukani hakuna aliyeifungua tena chupa ile. Funza walionekana kupitia kioo.

Bonifasia alifungua orodha ya watu wenye ruhusa ili amtoe Nice. Sehemu ya kuondoa haikuwepo. Badala yake kulikuwa na taarifa: Nice amekuondolea usimamizi.

Wakati bado ameshika simu yake, simu zote tatu zililia kwa pamoja. Nice anaomba kumkaribisha mtu mpya. Kwenye nafasi ya jina hapakuandikwa kitu. Chini yake, hata kwa Happy na Theonest wasio wasimamizi, vitufe viwili, Kubali na Kataa.

"Asiguse mtu," Theonest alisema kwa sauti ya chini.

Happy alikuwa ameshika yake. Alama ya kidole gumba chake, yenye asali, ilikuwa tayari juu ya kioo.

"Nimezoea," alisema. "Kila siku wanatuletea vya kukubali. Nimezoea kukubali, Theo."

Harufu dukani ikakatika papo hapo. Wote watatu waliisikia ikiondoka, na kwa dakika moja hivi walifurahi.

Jumatano asubuhi Happy hakunywa chai. Bonifasia alimkuta jikoni nyumbani amechuchumaa mbele ya ndoo ya takataka za kuchujia, akila masega yenye nyuki waliokufa, nta, na uchafu wa magome, kwa mikono yote miwili, bila haraka, akitafuna mabawa mpaka yakasikika.

"Happy, mwanangu. Acha hiyo. Njoo unywe chai."

Happy aligeuka akatabasamu. "Habari! Asante kwa kuwasiliana nasi. Tutakujibu baada ya muda mfupi."

Hayo yalikuwa maneno ya ukurasa, yale yanayojibu yenyewe duka likiwa limefungwa. Pumzi yake ilimfika Bonifasia. Ilikuwa ile harufu ya dukani.

Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa. Alipoulizwa jina alisema, "Ipo." Alipoulizwa anaumwa wapi alisema, "Tunapatikana muda wote." Muuguzi alifungua dirisha. Kufikia Alhamisi mchana midomo ya Happy ilikuwa imepasuka pembeni na nzi hawakumwondokea, na yeye hakuwafukuza; walitembea juu ya meno yake alipokuwa akizungumza, na mara moja Bonifasia aliwahesabu wakiingia watano na hakuwaona wakitoka.

Bonifasia aliifungia simu ya Happy kwenye droo ya duka. Theonest alikaa siku nzima kutafuta njia ya kumtoa Nice. Kila njia iliishia mahali pamoja: namba ya uthibitisho imetumwa kwenye laini ya Nice.

"Tuitengeneze upya hiyo laini," Bonifasia alinong'ona. Happy alikuwa chumba cha pili.

"Imesajiliwa kwa kidole chake, mama. Kidole kiko kaburini. Simu yenyewe iko wapi?"

Bonifasia alikumbuka. Wiki moja kabla ya kufa, Nice alikuwa kwao anaumwa. Alikwenda chooni na simu mkononi. Ilimponyoka ikaanguka shimoni.

Ijumaa waliondoka Biharamulo kwa gari la kukodi, Happy katikati yao, madirisha wazi. Walimpitia Adventina huko Kibimba, mama wa miaka sabini na kitu aliyewatibu watu wa tarafa ile tangu Bonifasia akiwa mtoto. Alimnusa Happy mdomoni, akatema mate nje ya gari, akapanda bila kuuliza nauli wala njia.

Rozalia, mama yake Nice, aliwapokea uani.

"Shikamoo, mama," Bonifasia alisema.

"Marahaba. Mmewahi. Matanga ni kesho." Akamwona Happy. "Huyo ana nini?"

"Choo chenu kiko wapi?" Adventina aliuliza.

Rozalia alielekeza kwa kidevu, upande wa migomba. "Hatukitumii. Tangu mazishi. Kinalia."

"Kinalia vipi?"

"Kama simu."

Walisimama mita kumi kutoka kwenye kibanda cha udongo, jua la saa saba likiwa juu ya migomba, wakasikia: mtetemo, kimya, mtetemo. Happy naye alitetemeka kwa mapigo hayo hayo.

Adventina alisema taratibu, kama mtu anayeorodhesha vitu vya kununua. "Chooni kuna wenyewe. Ndiyo maana tunafundisha watoto wasiimbe mle. Wana njaa, ila hawana mdomo. Nani alisema mrija wa marehemu usitolewe?"

"Mimi," Bonifasia alisema.

"Kwenye mtungi ungefanya vizuri. Tumeuzunguka, tunaona nani ananyonya. Huko kwenu kwenye simu, mnaona?"

"Tunaona jina tu."

"Mmewaachia mrija, halafu mmekwenda zenu kuuza asali."

Alitaka matanga yafanyike siku hiyo hiyo. Rozalia alitoa mtungi nje, akauweka katikati ya uwanja, mirija ya watu ikiwa ndani pamoja na ule wa Nice. Lakini mrija wa pili, Adventina alisema, uko shimoni, na atakayeutoa ni yule aliyekataza usitolewe.

Theonest alivunja sakafu ya magogo kwa jembe. Alifunga ndoo ya asali kwenye mwanzi mrefu na kuiteremsha, mara ya kwanza ikaja na kinyesi, mara ya pili na kinyesi, mara ya tatu na kitambaa na nywele ambazo Rozalia alizitambua kuwa za Nice akageuza uso, na kila ndoo ilipomwagwa Bonifasia alipiga magoti akaichambua kwa mikono mitupu kwa sababu Adventina alikataa fimbo na alikataa mfuko, funza wenye mikia wakimpanda mpaka kwenye viwiko, pale pale ambapo Jumatatu Happy alikuwa na asali, huku nyuma yake msichana akirudia kwa sauti ya uchangamfu karibu mteja, karibu mteja, karibu, na kwenye ndoo ya saba kidole chake kiligonga kitu kigumu chenye joto, na kitu hicho kikatetemeka mkononi mwake kama panya.

Simu ilikuwa imekaa shimoni zaidi ya wiki sita. Ilikuwa inawaka.

Bonifasia alifuta kioo kwa kidole gumba. Chini ya uchafu kulikuwa na ujumbe mmoja, tarakimu sita. Alizisoma kwa sauti, akitapika kati ya tarakimu ya tatu na ya nne. Theonest aliziandika kwenye simu yake.

"Imekubali," alisema. "Usimamizi umerudi kwako. Namwondoa Nice. Namwondoa yule asiye na jina."

Uwanjani Adventina alichomoa mrija wa Nice kutoka mtungini na kuuvunja vipande viwili. Happy alianguka kifudifudi. Kilichomtoka kilikuwa kingi kuliko tumbo la mtu: asali nyeusi, nyuki, nta, nzi waliojaribu kuruka na mabawa yakiwa yameshikana, na mwisho kamba ya ute iliyovutwa na Adventina kwa mikono yote miwili, akiizungusha kwenye kiwiko kama mtu anayekunja uzi, mpaka ikakatika. Kisha msichana alilia na kuomba maji. Alimwita Bonifasia mama mdogo.

Simu ya Nice ilipondwa kwa mchi na kuchomwa. Bonifasia alioga mara tatu kwa majivu na sabuni. Saa kumi na moja walikaa kuuzunguka mtungi, Rozalia, Adventina na Theonest wakinywa, Happy amelala ndani kwenye mkeka, mlango wazi ili wamwone. Rozalia alilia kidogo, halafu akamtania Theonest kwamba ananyonya kama ndama. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile mtu kucheka.

Bonifasia aliingia kukaa na Happy. Alimfunika mgongo. Alifungua orodha kwenye simu yake, kwa sababu sasa alikuwa amejifunza kuiangalia. Majina matatu. Bonifasia. Theonest. Happy.

Kando ya jina la Happy kulikuwa na alama ya kijani. Yupo hewani. Vifaa viwili. Kimoja: simu, Biharamulo. Hiyo ilikuwa kwenye droo ya duka, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwa Bonifasia.

Cha pili: kifaa hakijulikani. Kasulo.

Bonifasia aliisogeza simu karibu na macho. Aligusa jina la Happy. Kitufe cha kuondoa kikatokea. Akapeleka kidole gumba juu yake.

Happy alikuwa amelala akielekea ukutani.

"Mama mdogo," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, bila kugeuka. "Kwetu hatumtoi mtu kabla ya kuondoa matanga."

Maneno hayo Bonifasia alikuwa amemwambia Theonest peke yake, na Theonest alikuwa nje, anacheka. Bonifasia aliisikia ile harufu, kwa mbali, ikitoka chini ya blanketi alilomfunika yeye mwenyewe.

"Nani amekufa, Happy?" aliuliza.

Mtoto wa dada yake alianza kugeuka polepole, na Bonifasia, kidole kikiwa bado juu ya kioo, hakubonyeza.