Jiwe Lenye Jina la Zimwi

Veit Rösler alirudi kutoka mgodini na mawe mfukoni. Ndiyo ilikuwa desturi yake kila Jumamosi. Mkewe, Barbel, alikuwa anapakua supu ya viazi. Binti yao Liesel alikataa kula.

"Tumbo tena?" mama akamuuliza.

Liesel akatikisa kichwa kukubali. Mdogo wake, Jobst, alianza hivyohivyo. Walimzika wiki tatu zilizopita.

Veit akayatia mawe motoni. Yaling'aa kama fedha, naye aliamini imo fedha ndani yake, akataka kuiyeyusha. Moshi mweupe ukatanda, ukinuka kama kitunguu saumu.

Jirani yao Ottilie alikuwa akipita nje. Alikuwa mchambuaji wa mawe kiwandani, kule wanakotengeneza rangi ya buluu kwa mawe kama hayo. Aliponusa ule moshi, akaingia bila kubisha hodi, akafungua dirisha.

"Veit, unachoma kobalti ndani ya nyumba?"

"Nayeyusha fedha. Zimwi wa mgodini anaificha."

"Hakuna fedha humo. Wazee walidanganywa na mng'aro, kama wewe. Walipochoma wakapata moshi na maradhi. Wakasema zimwi kaiba fedha, ndipo jiwe likaitwa kobalti, yaani zimwi kwa lugha ya wachimbaji. Hata nikeli, jiwe jingine la mgodini, ni jina la shetani. Lile jiwe jekundu liliwahadaa, wakadhani ni shaba."

"Kwa hiyo hakuna zimwi?" Barbel akauliza.

"Kuna sumu, inaitwa aseniki. Imo kwenye moshi, imo kwenye vumbi la nguo zake."

Barbel akaweka upawa chini. "Jobst alilala hapa, karibu na jiko."

Akamvuta Liesel mbali na moto.

"Msimamizi wa mgodi mwenyewe alituambia ni zimwi," Veit akasema.

"Zimwi hashtakiwi, shemeji. Ndiyo maana msimamizi anampenda."

Jioni ileile Veit aliyarudisha mawe mgodini. Barbel alizoa majivu, akayafukia mbali na kisima. Tangu hapo Veit alivulia nguo za kazi kwenye kibanda cha uani, akanawa kwanza, ndipo akashika mkate. Nguo hizo zilifuliwa kando, mbali na nyingine.

Kufikia Pasaka, Liesel alikuwa anakimbizana na wenzake mtaani.

"Tumshukuru Mungu," Veit akasema akiwa mlangoni. "Mtoto amepona."

"Amepona huyu," Barbel akajibu bila kumtazama. "Rudi kibandani. Hujanawa."