Daktari Aliyekunywa Maji Mchana wa Ramadhani

"Astaghafirullah! Maji, mchana kweupe?"

Bi Farkhanda kasimama kwenye mlango wa ofisi ya hospitali na kapu la Idi la mkwewe mtarajiwa: bangili, hina, suti ya hariri. Ndani, Daktari Mehrunisa ana glasi mdomoni na kidonge ulimini. Akameza. Nje, jiji la Multan linaungua kama tanuri.

"Salaam, Khala. Karibu, mama."

"Salaam gani! Au uko kwenye siku zako? Sema tu mwanangu, mimi mwanamke mwenzio."

Uongo huo hapo umeshaiva, ni kupakua tu. Lakini Mehrunisa alikuwa amechoka kujificha.

"Hapana, Khala. Naumwa. Ugonjwa uleule ninaotibu humu wodini, wa akili. Kuna wakati napaa, silali. Kuna wakati nazama, siamki. Dawa hii bila maji, kwa joto hili, inageuka sumu. Daktari wangu kanikataza kufunga, nalisha maskini badala yake."

"Daktari wako? Si wewe ndiye daktari?"

"Kinyozi hajinyoi, Khala."

Bi Farkhanda akalitua kapu kama limemuunguza.

"Yaani mwanangu aoe kichaa! Shahzeb! We Shahzeb!"

Mchumba akaja mbio kutoka chumba cha pili, koti jeupe linapepea. Naye daktari wa wodi hiyohiyo. Asubuhi tu alimfokea mume mmoja aliyetaka kumwacha mkewe kwa ugonjwa kama huo. "Huoni haya? Kuumwa sio dhambi!" Wodi nzima ilimsikia.

"Ulijua kama huyu mgonjwa wa akili?" mama akauliza.

Shahzeb akamtazama mama, akamtazama mchumba.

"Sikujua, Ami. Ndio nasikia hapa."

Damu ikampanda Mehrunisa mpaka masikioni. Akachukua simu, akasoma kwa sauti:

"'Mehru wangu, joto leo balaa. Usisahau kidonge, kunywa maji mengi. Ila funga mlango, Ami anaweza kupita.' Hii kaandika nani? Jini?"

Bi Farkhanda akamgeukia mwanawe polepole.

"Wewe umefunga saumu, halafu unanidanganya usoni?"

"Ami, nilitaka harusi ipite kwanza…"

"Ipite iende wapi? Nimetangaza mtaa mzima!"

Akanyakua kapu lake, akaondoka akiulaani ukoo mzima, wa kwake mwenyewe. Shahzeb akafunga mlango haraka.

"Mehru, nisamehe. Nitamtuliza. Tutasema ulikuwa uchovu wa kazi, sasa umepona."

"Na dawa?"

"Utakuwa unanywea chooni. Kwa muda tu, mpenzi."

"Chooni!" Mehrunisa akacheka, kicheko kibaya. "Yule mume uliyemfokea alimwambia mkewe ukweli wake mbele ya watu. Mbaya, lakini ukweli. Wewe unanipenda mlango ukifungwa."

"Nakupenda! Namuogopa Ami tu, basi!"

"Basi kaa na Ami."

"Punguza sauti, watu wanasikia!"

"Wasikie! Ndoa hakuna, Shahzeb. Ugonjwa wangu una daktari wake. Woga wako kautafutie wa kwako."

Akamfungulia mlango mwenyewe. Kwenye benchi la nje wagonjwa walikuwa wametulia tuli, wameshasikia kila neno. Shahzeb akapita katikati yao kainamisha kichwa, na hakuna hata mmoja aliyevuta miguu kumpisha.